Rauta Ikae Jikoni

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeamua. Rauta ya waifai itakaa jikoni. Asinibishie mtu.

Fundi anakuja kesho, na nyumba nzima imegeuka bunge. Owuor mume wangu anataka ikae kando ya televisheni, ati aone mpira bila kukwamakwama. Joyline binti yangu anataka ikae chumbani kwake, au basi kwenye korido. Amenichorea hata picha ya nyumba, na miduara inazunguka kama maji ukitupa jiwe kwenye karai. Ati mtandao unatembea hivyo. Nimeitazama hiyo picha mpaka macho yakauma, na nikaona kitu kimoja tu. Jikoni hakuna mduara! Yaani mimi katika nyumba hii sihesabiki.

Wacha nieleze vizuri. Joyline alimaliza chuo Eldoret akarudi hapa Kiamunyi. Nikamshukuru Mungu, nikamtandikia shuka mpya. Kumbe umerudi mwili tu. Kila asubuhi ninachoona ni mgongo wake ukielekea kwa jirani, kwa Jepkemei, Mama Kimberly, kwa sababu huko kuna waifai. Anakunywa chai ya huko! Juzi ameniambia chai ya Mama Kimberly ina majani ya kutosha. Nilivumilia. Nilienda bafuni, nikafungulia maji kidogo, nikatoka.

Sasa amepata kibarua kwenye mtandao. Wazungu wanaongea kwenye mikutano yao, yeye anasikiliza na kuandika kila neno. Wiki hii anajaribiwa. Akipita, kazi ni yake, na unaifanyia popote penye mtandao mzuri. Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Rafiki yake Namalwa amepanga nyumba Lanet, mtandao haukatiki, na kuna kitanda kimetulia hakina mtu. Kila jioni anampigia, kuja, si ukuje. Joyline amesema wazi kabisa: mtandao wa hapa ukisumbua, Jumapili baada ya kanisa anahamia Lanet.

Owuor anasema Lanet si Amerika, ni hapo tu upande wa pili wa mji. Anaongea hivyo kwa sababu si yeye aliyezaa.

Kwa hivyo nimewaza kama mama. Mtandao ukikaa chumbani, mtoto atakaa chumbani, mlango umefungwa, mimi nabaki kusikia akikohoa. Lakini mtandao ukikaa jikoni, mtoto atakaa wapi? Jikoni! Na jikoni kuko nani? Waseme tena sikusoma.

Jumanne, 8 Aprili

Imewezekana! Lakini nimetoa jasho.

Kwanza Joyline. Nikamtuma apeleke mahindi yakasagwe. Nikamwambia asiende kwa mashine ya hapa karibu, unga wao una mchanga, ateremke mpaka ile ya kule chini. Akaniuliza mchanga umeanza lini. Nikamwambia aende kabla jua halijakuwa kali. Kulikuwa na mawingu.

Pili Owuor. Nikamnong'onezea nimesikia mahali kwamba joto la rauta hula rangi za televisheni. Hakuuliza nimesikia wapi. Alitoka mbio kwenda kupapasa televisheni mgongoni kama mtu anayepima mtoto homa. Akarudi akasema, Mama Joy, hicho kitu kisikaribie hapa.

Tatu fundi. Jina lake Kibii, mtu mzima, mpole, na drili yake begani. Akaanza vibaya. Ati mathe, hiki kinataka mahali pa wazi, juu, katikati ya nyumba. Nikamwambia baba, keti kwanza. Nikampa ugali na mala, yale maziwa ya mgando, na mboga niliyolaza na maziwa. Akala. Akasema tena katikati ya nyumba, lakini sauti ilikuwa imepungua. Nikamwongezea. Alipofika mwisho wa sahani akajiegemeza, akasema mathe ndiye boss, mteja akitaka hata kwa kuku yeye anaweka.

Ikawekwa juu ya friji, nyuma ya rafu ya sufuria. Kibii akajaribu mara ya mwisho, maskini. Akasema waifai na chuma hazipatani. Nikamwambia hizo ni aluminiamu. Akatazama dari. Waya uliobaki akauviringa vizuri akaniachia juu ya friji, akakunywa maji, akaenda.

Joyline akarudi na unga kwenye nywele. Akatazama friji. Akafunga macho. Akasema "Mum" tu, basi. Akabeba kompyuta akajaribu chumbani, upande wa pili wa zile sufuria. Hakuna. Akajaribu korido. Inakuja inapotea. Ilipofika jioni alikuwa amekaa kwenye meza yangu ya jikoni, miguu amekunja chini ya kiti kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo.

Nikachambua sukuma mbele yake. Nikamhadithia pasta alivyoanguka na bodaboda kwenye matope, na Biblia ikabaki kavu. Akacheka! Hicho kicheko nilikuwa nimekisahau kiko namna gani.

Jepkemei atatafuta mwingine wa kumnywesha chai.

Jumatano, 9 Aprili

Siku mbaya, na kosa si langu.

Joyline aliketi jikoni tangu asubuhi, amevaa vile vidude vya masikioni, vidole vinakimbia. Mkutano wa watu fulani wa Kanada wanaouza vioo vya madirisha. Sasa mtu akikaa na wewe jikoni utanyamaza? Huo si ni ukorofi? Nikawa namwongelesha pole pole. Nikamwambia habari za shangazi yake na yule mbuzi wake mwenye kichwa kigumu.

Kumbe masikio yanasikiliza Kanada na vidole vinaniandika mimi! Ameituma hiyo kazi bila kujua. Saa sita wakamjibu. Katikati ya mkutano, kwa Kiingereza safi kabisa, mwenyekiti amesema mauzo ya vioo yamepanda na mbuzi amekula sweta ya pasta. Wanauliza huyo mbuzi ni wa kitengo gani.

Owuor alicheka mpaka akatoka nje kushika ukuta. Mimi nikaona machozi ya Joyline yanakaribia. Nikamwambia angalau waandike kwamba sweta ilikuwa kuukuu. Hilo halikusaidia.

Amepewa onyo. Kosa moja kubwa tena, wanamwacha. Ana kazi moja ya mwisho, ndefu kuliko zote, inatakiwa ifike kwao mwisho wa wiki. Akaniomba kwa upole, Mum, tafadhali, nikiwa kwa kazi usiniongeleshe. Nikakubali. Nikaweka maharagwe kwenye preshakuka. Ikaanza kupiga filimbi. Nikamwambia kwa ishara kwamba hiyo si mimi, ni maharagwe.

Akafunga kompyuta, akaenda kwa Jepkemei.

Jioni Jepkemei akaniita kwenye ua wa michongoma. Jirani, akasema, ati waifai yenu imelala? Nikamwambia hapana, inapumzika, ni mpya. Akasema yake haijawahi kuchoka, ameiweka dirishani. Nimeiona! Taa zake zinakonyeza barabara nzima.

Jikoni kuna kelele. Sawa. Nakubali kusahihishwa. Lakini sijashindwa.

Alhamisi, 10 Aprili

Mpango mpya. Sebuleni!

Nilikuwa sijafikiria. Sebuleni hakuna preshakuka, na mimi naweza kuketi hapo na uzi wangu nikifuma vitambaa, kimya, namtazama tu. Nani atakatazwa kutazama?

Sikuita fundi. Ule waya alioniachia Kibii ni mrefu. Nikaupitisha mlangoni, chini ya zulia, mpaka kabati la vioo. Hapo ndipo mahali pa heshima. Kuna vikombe vya wageni, trei za arusi yetu na picha ya mama mkwe. Nikaingiza rauta katikati ya trei, nikaielekeza mbele itazame watu. Ilionekana uchi. Nikaifunikia kitambaa cheupe nilichofuma mwenyewe, chenye maua ya pinki pembeni. Televisheni ina chake, redio ina chake, kochi zina vyake. Kwa nini yeye akae kama yatima? Nikafunga kabati kwa ufunguo, ufunguo nikautia kifuani.

Alasiri wanawake wa kanisa wakaja kwangu, zamu ilikuwa yangu. Wakasifu kabati. Jepkemei akainama, akachungulia, akauliza hapo ndani ni nini kinawaka taa chini ya maua. Nikasema ah, ni kawaifai tu. Akaniomba paswadi, ati yake leo inasumbua. Inasumbua! Nikamwambia paswadi anaijua Joyline peke yake. Nayo imeandikwa chini ya rauta, nimeisoma, nimeishika kichwani kama zaburi.

Wakati wa maombi Joyline akatoka chumbani na kompyuta mkononi kama mtu anayetafuta maji kwa kijiti. Mtandao umekufa. Akafika sebuleni, ukafufuka kidogo. Akapiga magoti mbele ya kabati, akainua kompyuta juu. Wanawake wakadhani ameguswa. Mama mmoja akaanzisha wimbo.

Baadaye nikafungua kabati. Rauta ilikuwa ya moto, ungeweza kupasha chapati. Joyline akaondoa kitambaa kwa vidole viwili, akaniuliza kama kuna kitu katika nyumba hii kimewahi kuishi bila kitambaa. Nikawaza kwa dhati. Nikamwambia kuku.

Hakucheka.

Ijumaa, 11 Aprili

Sitaki kuandika lakini nitaandika.

Kitambaa niliondoa. Kabati niliacha wazi. Trei nilihamisha. Joyline aliketi kwenye kochi tangu asubuhi na ile kazi ya mwisho, na mimi kwenye stuli na uzi wangu, mdomo nimeubana. Hata kikohozi nilienda kukoholea nje. Alasiri akasema, Mum, imebaki kuituma tu. Akabonyeza. Akaniambia inaenda pole pole kwa kuwa ni kubwa, isiguswe. Akaenda kuoga.

Mara mawingu yakateremka kutoka upande wa Menengai, meusi, mazito. Ngurumo ya kwanza ikapiga mpaka vikombe vikalia kabatini.

Sasa niulizwe mimi. Nani amelelewa huku akaacha stima ikiwaka na radi iko juu ya mabati? Mama yangu alifunika vioo, akazima redio, akatuondolea nguo nyekundu. Sote tuko hai. Sikufikiria hata. Mikono ilienda yenyewe. Nikachomoa televisheni. Nikachomoa friji. Nikatupa shuka juu ya kioo. Nikachomoa rauta. Na kompyuta ya Joyline nikaifunga, nikaifunika kwa sweta yangu, nikaikalia kuilinda.

Akatoka bafuni na taulo kichwani. Akatazama ukuta. Waya zote zilikuwa zinaning'inia. Akaniuliza kompyuta iko wapi. Nikainuka kidogo.

Heri angepiga kelele. Hakupiga. Aliniambia asante kwa kujali, akaingia chumbani, nikasikia zipu ya begi. Halafu nikamsikia akiongea na Namalwa. Ati sawa. Ati Jumapili. Ati hapana, hajakosana na mtu, ni mtandao tu.

Ni mtandao tu!

Owuor alikuja akaketi kando yangu kwenye stuli nyingine. Akasema, Mama Joy, umepigana vizuri. Nikamwambia anyamaze. Hakuondoka.

Mvua yenyewe ilipita kando. Hata haikunyesha kwetu.

Jumamosi, 12 Aprili

Nilienda kwa Jepkemei asubuhi. Nilibeba mayai ili nionekane nimeleta mayai.

Nikaona chumba alichokuwa anakaa Joyline. Meza ndogo dirishani, kiti na mto. Nikamuuliza anamfanyia nini mtoto wangu mpaka anatulia hapo. Akasema hamfanyii kitu. Anamwekea chai anatoka. Nikauliza, humwongeleshi? Akasema humwongelesha akimaliza.

Halafu akaniambia kitu. Ile meza ni ya Kimberly. Alimwekea Kimberly waifai ili asiende Nairobi, na bado akaenda. Sasa rauta inawaka, mtu hakuna. Ndiyo maana Joyline alipokuja alifurahi hata kumsikia akivuta kiti. Akasema, aki Mama Joy, wangu alienda nikimng'ang'ania, wako hata hajatoka na tayari unamfukuza. Mpe mtandao, mpe mlango wake, yeye mwenyewe atatoka akisikia njaa.

Nililia mle ndani kidogo. Yeye pia. Tukala yale mayai.

Nikitembea kurudi nikayachambua maneno yake na nikaelewa. Huyu mwanamke ni mpweke, na anamtaka mtoto wangu. Hapana! Lazima nichukue hatua.

Nikampigia Kibii. Nikamwambia aje sasa hivi, akaniuliza kwa uangalifu leo kuna mala au hakuna. Alikuja. Nikamwambia rauta iende chumbani kwa Joyline, juu ukutani, mahali pa wazi. Akaniuliza, mathe, uko sawa? Jikoni na chumba cha Joyline vinashiriki ukuta mmoja, kwa hivyo akatoboa tundu hapo, akavuta waya, akaitundika. Joyline alikuwa amesimama na begi lake mkononi. Akafungua kompyuta. Akaanza kutuma. Akaketi juu ya begi akingoja. Sote tulikuwa mlangoni, hata Kibii. Ikaenda yote!

Joyline akasema haya. Kazi imefika ndani ya wakati. Jibu ni Jumatatu. Hataenda kesho, atangoja hilo jibu. Lakini ana sharti moja. Rauta isiguswe na mtu, isichomolewe, isivishwe nguo. Akaniapisha mbele ya baba yake. Nikaapa. Owuor akaniambia rudia kwa sauti. Nikarudia.

Jumatatu, 14 Aprili

Amepita! Kazi ni yake! Wale wa Kanada wamesema kazi ni safi sana na hakuna mnyama ndani yake. Joyline alitoka chumbani akiruka, akanikumbatia mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Amempigia Namalwa akamwambia anabaki nyumbani, mtandao wa chumbani unaenda kama moto. Nilisikia kwa masikio yangu. Anabaki! Nikachinja jogoo. Jepkemei nilimpelekea paja. Paswadi sikumpelekea.

Jioni hii mlango umefungwa. Anafanya kazi. Niligonga na chai, akasema, asante Mum, weka hapo nitachukua. Nikaweka sakafuni. Nikarudi baadaye, kikombe kiko tupu, mlango umefungwa. Sikumuona hata mkono.

Yuko nyumbani. Nashukuru. Sitalalamika.

Nimekaa jikoni nikiutazama ule ukuta. Yeye yuko upande ule, mimi upande huu. Nasikia vidole vyake. Ukuta wenyewe si mnene.

Jumanne, 15 Aprili

Joyline ameenda mjini kufungua akaunti ya benki ya mshahara wake. Atarudi alasiri na kuendelea na kazi, ana mkutano mkubwa wa hao watu wake, wa kwanza kama mfanyakazi kamili. Ameniambia mara mbili, Mum, tafadhali, rauta. Nikamwambia mwanangu, mimi niliapa.

Na kiapo nimekishika. Rauta sitaigusa. Hata chumbani kwake sijaingia.

Nimemwita Kipchirchir, fundi wa ujenzi. Tunafungua kadirisha kadogo kwenye ukuta, kati ya jikoni na chumba cha Joyline, kadogo tu, ka kupitishia chai. Kikombe kinaenda, kikombe kinarudi, kelele hakuna, na nikiinama kidogo naona kichwa chake. Owuor ameuliza kama Joyline anajua. Nikamwambia ni zawadi ya kazi mpya, zawadi haitangazwi. Akachukua kofia yake akasema anaenda kwa kinyozi. Alinyolewa jana.

Kipchirchir ameniuliza aanze kupiga nyundo wapi. Nimemwonyesha. Tuna bahati sana, kazi imekuwa nyepesi, maana tundu tayari liko, lile ambalo Kibii alipitishia waya. Nimemwambia aanzie hapo hapo.